Anakonda, Anatoa Jasho Usiku, Lakini Hakohoi: TB Yenye Mtu wa HIV Huku Eastlands Anafaa Kuijua

Mwaka jana kuna jamaa tulikuwa tunaangaliana milango huku Pipeline, ghorofa ya tano. Bado ako hapo na hataki jina lake mtandaoni, so wacha nimwite Jirani. Ni msee wa mjengo. Wa kubeba simiti ngazi zote bila kuweka chini. Halafu kama mwezi wa nne hivi nikaanza kuona mshipi wake umetobolewa mashimo mapya, na akifika ghorofa ya tatu anasimama anajifanya anasoma simu.

Usiku alikuwa analowa. Asubuhi shuka linaanikwa kwa koridoo, kila siku. Yeye alisema ni joto ya keja, na kama umewahi kulala kwa single yenye dirisha linaangalia ukuta wa ploti ingine, utaamini. Akanunua dawa ya malaria. Wapi. Akadungwa sindano za typhoid kwa duka fulani la dawa, siku tano, na doh ikaenda. Wapi. Wiki ya sita ndiyo CHP wa area, wale wahudumu wa afya wa mtaa wanapita mlango kwa mlango na kibegi, akamkuta kwa koridoo akamuuliza maswali manne tu. Unakohoa? Hapana. Homa? Inakujanga jioni. Umekonda? Si unaona. Unatoa jasho usiku? Jirani akaangalia lile shuka.

Alikuwa kwa ARV miaka mitatu. Hakuwa anaruka dozi. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Kwa kichwa chake HIV ilikuwa imeshikwa, na TB haikuwa hata kwa story, juu TB ni kukohoa na yeye hakuwa anakohoa. Kumbe alikuwa nayo. Ilikuwa imejaza maji upande mmoja wa kifua, ndio maana ngazi zilikuwa zinamshinda.

Hiyo ya "TB ni kukohoa" imezika watu wengi wenye HIV kuliko venye tunapenda kukubali. TB ndiyo ugonjwa unaoongoza kuua watu wanaoishi na HIV duniani. Si HIV yenyewe peke yake, ni hii kitu nyanya zetu walikuwa wanaita kifua kikuu. Na inatibika. Hiyo ndiyo inaniuma.

Mwizi kwa stoo

TB inaletwa na bakteria. Daktari Mjerumani anaitwa Robert Koch alitangaza kuigundua tarehe 24 Machi 1882, na ndio maana siku ya TB duniani ni hiyo tarehe. Inasafiri kwa hewa. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba, ama akipiga nduru Arsenal imefunga, anatoa vitone vidogo sana ambavyo hauwezi ona, na vinaweza kuelea kwa chumba masaa. Wewe unavuta pumzi tu, kazi imekwisha. Haiambukizwi kwa kikombe, kijiko, kiti cha choo wala salamu, so ile kitu ya kumtengea mtu sahani yake mnajisumbua bure huku dirisha mmefunga.

Sasa sikia hii. Karibu robo ya watu wote duniani wako na hiyo bakteria ndani yao. Wengi hawatawahi kuugua. Mwili ukiipata unaizungushia ukuta wa seli, na inakaa hapo imelala, pengine maisha yote. Fikiria mwizi amefungiwa kwa stoo ya ploti. Hajafa. Soja ako kwa mlango, na maadamu soja ako macho, wapangaji wanalala.

Hao soja wanaelekezwa na seli za damu zinaitwa CD4. Na HIV, kati ya vitu vyote mwilini, chenye inapenda kula ni CD4.

Mtu asiye na HIV mwenye bakteria imelala, nafasi yake ya kuugua TB maisha yake yote ni kama asilimia 5 hadi 10. Mtu mwenye HIV ambaye hayuko kwa dawa, hatari inaweza kufika asilimia 10 kwa mwaka mmoja tu. Rudia polepole: kile mwenzake anakigawanya kwa miaka hamsini, yeye anakipata kila mwaka. Na haihitaji hata akutane na mgonjwa mpya, juu mwizi anaweza kuwa alifungiwa kwa stoo tangu darasa la tatu.

ARV zinasaidia sana. Utafiti umeonyesha zinapunguza hatari ya TB kwa karibu theluthi mbili. Lakini theluthi mbili si yote, na hapa ndipo watu kama Jirani wanapigwa chenga. Virusi kutoonekana kwa kipimo kunamaanisha vitu viwili vizuri sana: mwili wako unajijenga, na hauwezi kumwambukiza mpenzi wako HIV kwa ngono. Haimaanishi TB imekuruka. Hata mwenye virusi vimelala kabisa bado ako na hatari iliyo juu kidogo kuliko mtu asiye na HIV, na hiyo "kidogo" inakuwa kubwa ukiishi mahali hewa inazunguka kati ya watu mia mbili wa ploti moja.

Mbona hakohoi?

Hii part nilielezewa na nesi wa kifua, nikashangaa. Kile kikohozi cha TB, damu kwa makohozi, mashimo kwa mapafu, kwa sehemu kubwa ni vita ya mwili wenyewe. Kinga ikipigana na bakteria inachoma nyumba ikijaribu kuua panya. Mapafu yanatoboka, bakteria zinajaa kwa makohozi, mtu anakohoa mpaka jirani anajua.

Sasa kinga ikiwa chini, hakuna vita kubwa. Mapafu yanaweza kubaki bila mashimo. Eksirei inaweza kuonekana karibu safi. Makohozi yanakuwa na bakteria chache, na ile hadubini ya zamani haizioni, daktari anakwambia uko negative, unaenda nyumbani ukifurahi. Wakati huo bakteria inatembea: kwa tezi za shingo, kwa utando wa mapafu kama Jirani, kwa tumbo, kwa uti wa mgongo, kwa ngozi inayofunika ubongo. Hiyo ya ubongo inaanza na kichwa kuuma na mtu kuchanganyikiwa, na familia inaanza kutafuta pasta badala ya hosi.

Ndiyo maana kwa mtu mwenye HIV ile sheria ya "kohoa wiki mbili ndiyo uende" haifanyi kazi. Kwake ni kikohozi cha siku yoyote, hata cha jana. Ama homa. Ama kukonda bila sababu. Ama jasho la usiku. Moja tu kati ya hizo nne inatosha kuitisha kipimo. Hayo ndiyo maswali CHP alimuuliza Jirani, na ndiyo unafaa kuulizwa kila siku umeenda kuchukua ARV. Wakisahau kukuuliza, jiulize mwenyewe kwa sauti mbele yao.

Na hata kwa wasio na HIV hiyo sheria inavuja. Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa TB nchi nzima 2015 hadi 2016, watu wakapimwa mitaani na vijijini hata kama hawajisikii wagonjwa. Kama wangetegemea kikohozi cha wiki mbili peke yake, karibu nusu ya wagonjwa wangewaruka. Wengi waliokuwa na dalili walikuwa hawajatafuta matibabu. Na kati ya waliolemewa zaidi walikuwa wanaume wa miaka 25 hadi 34 wa mijini. Yaani wewe hapo na earphones.

Hewa ya Eastlands

Tusidanganyane, TB haichagui mitaa kwa bahati. Landhies za reli pale Muthurwa zilijengwa enzi za mkoloni kwa hesabu ya mfanyakazi na kitanda chake, hakuna mtu alikuwa anapanga mapafu ya familia ya watu sita. Miaka ikaenda, mkoloni akaenda, hesabu ikabaki ile ile, sasa imepandishwa juu. Pipeline, Huruma, sehemu za Kayole na Mathare, ploti zimebanana mpaka taa ya koridoo inawaka saa sita mchana. Jua ni adui wa hii bakteria, miale yake inaiua, na hewa inayopita inaitawanya. Sisi tumejenga nyumba ambazo zote mbili hazifiki. Halafu mwenye ploti anakuja kuchukua rent akiwa amepaka marashi.

Chenye kinahesabika ni masaa. Safari ya dakika ishirini kwa mathree, hata kama madirisha yamefungwa juu kuna mtu hataki nywele zake ziguswe na upepo, si sawa na kulala usiku mzima chumba kimoja na mtu mwenye TB ya mapafu ambaye hajaanza dawa. Lakini makanga na dere wanashinda ndani ya hiyo hewa kutoka saa kumi asubuhi. Base ya muguka yenye mlango mmoja na pazia, wasee kumi, masaa sita. Base ya PlayStation yenye madirisha yamepakwa rangi nyeusi ndio mwanga usisumbue skrini. Kesha ya Ijumaa kwa kanisa la mabati, watu wanaimba kwa nguvu usiku kucha na baridi imefanya wafunge kila kitu. Kwa mama pima. Seli ya polisi wikendi, na rumande ndiyo mbaya zaidi, juu huko hauchagui nani analala kando yako. Siwaambii msiende kesha. Nasema dirisha la kesha lifunguliwe, na wazee wa kanisa watazoea.

Sasa weka HIV juu ya hiyo, halafu ongeza vitu vingine vyenye vinamlaza soja.

Njaa, ya kwanza. Si njaa ya kukosa chakula kabisa, ni ile ya kukula chai na mandazi asubuhi, muguka mchana ndio tumbo inyamaze, na ugali na sukuma usiku kama kazi ilitoka. Mwili uliokonda hauna cha kujengea ukuta, na TB ikiingia inakukondesha zaidi, na kukonda kunaipa nafasi zaidi. Pombe nayo inashusha kinga, inakalisha mtu kwa vyumba vilivyofungwa, na inamsahaulisha dawa, mambo matatu kwa bei ya moja. Fegi inaharibu mapafu yenyewe. Kisukari pia, na vijana wanadhani hicho ni cha wazee. Mtu aliyewahi kuugua TB ako na hatari ya kuipata tena. Na mama mwenye HIV aliyejifungua majuzi anafaa kuangaliwa, juu uchovu na jasho la usiku kila mtu atasema ni mtoto mchanga.

Lakini kitu kikubwa kuliko zote ni CD4 kuwa chini bila mtu kujua. Kuna wanaume wengi wanagundua wako na HIV siku ile ile wamepatikana na TB. Walikuwa wanaogopa kupimwa. Wengine walijua, wakaanza dawa, wakahama Dandora kwenda Umoja, wakaona aibu kuomba barua ya kuhamisha kliniki, wakaacha. Miezi minane baadaye mwizi ametoka kwa stoo. Na hii miaka imekuwa ngumu zaidi: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kliniki nyingi za HIV zilitikisika. Ukienda ukute chumba chako cha zamani kimefungwa ama mmeunganishwa na foleni ya kawaida, uliza faili yako imepelekwa wapi. Usirudi nyumbani.

Kuna dawa ya kuzuia, na wasee wanaitupa

Hii ndiyo sehemu inanikasirisha. Mtu mwenye HIV ambaye hana TB anaweza kumeza dawa ya kumuua mwizi akiwa bado amelala. Kenya ilianza kuisambaza kwa nguvu 2015. Moja ni isoniazidi, kidonge kila siku kwa miezi 6, pamoja na vitamini B6 ndio miguu isiwashe na kufa ganzi. Kuna ingine mpya inachanganya isoniazidi na rifapentini, inamezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Mara kumi na mbili tu, umemaliza.

Jirani alikuwa amepewa ya miezi 6 kitambo. Alimeza mwezi na nusu. Akaniambia vidonge vilikuwa vimezidi, ARV pembeni, septrini pembeni, na hii ingine, "na siumwi". Namuelewa. Ni ngumu kumeza dawa ya ugonjwa hauna. Pia kuna uvumi mtaani kwamba hiyo dawa inaharibu ini. Uvumi huo uko na chembe ya ukweli: isoniazidi inaweza kusumbua ini kwa watu wachache, na pombe inaongeza hiyo hatari sana. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama Coke, ama ukaanza kutapika, acha na urudi kliniki siku hiyo hiyo. Lakini hiyo ni sababu ya kupunguza keg na kwenda kuangaliwa. Si sababu ya kumwaga chupa nzima kwa choo.

Kitu kimoja cha muhimu: hiyo dawa ya kuzuia hupewi kabla hujachunguzwa kama TB imeamka. Ukiwa na TB iliyoamka halafu umeze dawa moja peke yake, bakteria zenye nguvu zinabaki zikicheka, na umejitengenezea TB sugu. So usikope ya rafiki.

Kipimo chenyewe

Siku hizi kuna mashine inaitwa GeneXpert. Inatafuta vinasaba vya bakteria kwa makohozi, inatoa jibu kwa kama masaa mawili, na inasema papo hapo kama bakteria inakataa rifampisini, dawa kuu ya TB. Haitegemei macho ya mtu kwa hadubini. Kwa mwenye HIV ambaye ako chini sana ama CD4 imeanguka kuna kipimo cha mkojo pia, kinaitwa LAM, jibu ni chini ya nusu saa, na kimesaidia watu ambao hata makohozi hawana nguvu ya kuyatoa. Ikiwa TB imeingia kwa tezi, wanachukua maji yake kwa sindano. Jirani walimchomoa maji kwa kifua. Hakupenda.

Huku kwetu Mama Lucy wanapima, na vituo vingi vya kaunti vina uwezo wa kupima ama kutuma sampuli. Dawa za TB kwa hosi ya serikali ni bure. Mtu akikuitisha pesa ya dawa yenyewe, uliza tena, kwa sauti ya juu kidogo.

Miezi 6 ilitoka huku

Kuna kitu sikuwa najua mpaka nianze kuandika hii. Zamani TB ilikuwa inatibiwa mwaka mmoja na nusu, na zaidi. Majaribio yaliyoonyesha kwamba miezi 6 inaweza kutosha yalianza 1970 huku kwetu, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza. Matokeo yakachapishwa kwa jarida la The Lancet 1972. Leo mtu akimeza dawa za miezi 6 kule Peru ama India, sehemu ya hiyo hesabu ilifanywa na wagonjwa wa hapa, na hakuna mtu anawakumbuka.

Na HIV ilipoingia, ni Nairobi tena palionekana kitu kibaya. Kulikuwa na dawa ya bei rahisi ya TB inaitwa thiacetazoni. Wagonjwa wenye HIV wakiimeza, wengine ngozi ilikuwa inababuka na kuvuka kama wameungua, na wengine wakafa. Madaktari wa Nairobi waliandika hayo 1991, mwaka uliofuata WHO ikaonya wenye HIV wasipewe. Wakati huo kesi za TB Kenya zilikuwa zinapanda kila mwaka pamoja na HIV, na mazee wenye walikuwa mtaani miaka hiyo watakwambia venye ploti zilikuwa zinabaki vyumba wazi.

Leo ni dawa nne miezi miwili ya kwanza, halafu mbili kwa miezi minne. Bakteria ya TB ni mzembe, inajigawa mara moja kwa karibu masaa 20 na zingine zinalala kabisa, na dawa inashika vizuri yenye ako macho. Ndiyo maana unajisikia poa wiki ya tatu na bado kuna miezi mitano. Hapo ndipo watu huacha.

Vitu vya kujua kama uko na HIV na umeanza hizo dawa. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, ni rifampisini, usiogope. Hiyo hiyo rifampisini inafanya mwili usafishe dawa zingine haraka, so kama ARV yako iko na dolutegraviri daktari ataongeza ingine jioni. Usiambiwe na mtu ati ni dozi mara mbili kimakosa. Wadada, inapunguza pia nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ile ya kuweka kwa mkono, sema mapema mpewe njia ingine. Na kama ulikuwa haujaanza ARV, utaanzishwa wiki chache tu baada ya dawa za TB, isipokuwa ile ya ubongo ambayo wanangoja zaidi. Sasa ukianza, unaweza kuzidiwa kwanza: homa inarudi, tezi zinavimba. Watu wengi wanasema "ARV zimemuua". Ni soja ameamka na amekuta mwizi sebuleni, anapiga kila mtu. Unarudi hosi wakutulize, dawa zinaendelea.

Aibu

Mtaani mtu akiambiwa ako na TB watu wanasema amekanyaga waya. Hesabu inakataa: Kenya, kati ya wagonjwa wanne wa TB, karibu watatu hawana HIV. So hauwezi kusoma hali ya mtu kwa kikohozi chake. Lakini huo uvumi unafanya kazi pande mbili mbaya. Asiye na HIV anaficha kikohozi ndio asidhaniwe, na anakohoa kwa base, kwa mathree, kwa keja yenye kuna mtu ambaye kweli ako na HIV na hajasema. Mwenye HIV anaficha kukonda. Bakteria inapita katikati yao kama hakuna mtu.

Serikali yenyewe ilishawahi kuingia hapo na rungu. 2010 kule Kapsabet wanaume wawili walifungwa jela kwa sababu hawakumaliza dawa za TB. Hukumu ilikuwa miezi minane, kwa gereza limejaa, mahali bora kabisa pa kusambaza TB kama ungetaka. Walitolewa baada ya wiki kadhaa, kesi ikaendelea miaka, na tarehe 24 Machi 2016 Mahakama Kuu ikasema kufunga mgonjwa wa TB jela ni kinyume cha katiba. Hiyo tarehe, siku ya Koch. Sijui kama jaji alipanga.

Jirani hakuambia foreman wake. Alisema ni nimonia, akapewa wiki mbili, akarudi kwa kazi ya kuchunga stoo ya simiti juu kubeba hangeweza. TB yake ilikuwa kwa utando wa mapafu, na ya namna hiyo mara nyingi haimwagi bakteria kwa hewa, lakini hata yule wa mapafu kabisa, baada ya kama wiki mbili za dawa sahihi wengi wao hawaambukizi tena. Hatari ilikuwa ile miezi kabla. Dada yake na mtoto wa miaka mitatu walikuwa wameishi naye, wakaitwa kupimwa, mtoto akapewa dawa ya kuzuia. Mtoto alikuwa na ile alama ya chanjo ya BCG kwa mkono wa kushoto, ambayo inalinda watoto wadogo na TB kali lakini haitoshi peke yake, na kwetu sisi watu wazima imebaki tu alama.

Alimaliza mwezi wa Desemba. Kilo zimerudi tisa. Shuka halianikwi tena kila asubuhi. Dirisha lake linafunguka sentimita kumi, halafu linagonga ukuta wa ploti ya pili, so siku hizi anaacha mlango wazi mpaka saa nne usiku na sisi wote tunasikia redio yake.